NEEMA HAINA BEI
Somo juu ya kujilinda na udanganyifu wa kiroho



Mwalimu anayesimamia kurasa za Kiswahili aliponiomba niandike somo la dini, nilikusudia kuandika juu ya safari za Mtume Paulo. Ni habari nilizojifunza kwa ajili ya mtihani, na mtu aweza kuziandika bila kuumia moyo. Lakini Kasisi wetu aliposikia aliniambia, "Kijana wangu, andika lile lililokugharimu." Nilikaa na neno hilo juma zima. Mwisho nikaona amesema kweli. Maana mimi, niliyesoma Waraka kwa Wagalatia darasani na kupata alama nzuri, ndiye niliyeifunga cherehani ya mama yangu juu ya baiskeli nikaipeleka sokoni kuiuza, ili tupate fedha za kumlipa nabii.

Somo langu ni moja tu, nami nataka mlishike tangu mwanzo: neema ya Mungu katika Kristo haina bei, na mtu ye yote anayeiwekea bei anatudanganya, hata kama ana sauti tamu na Biblia mkononi.

1. Udanganyifu huja namna gani

Wengi wetu tukisikia habari za udanganyifu wa kiroho, twamfikiria mganga mwenye tunguri na mkia wa ng'ombe. Huyo si wa kuogopwa sana na mwanafunzi wa shule ya misheni, kwa kuwa tumeonywa juu yake tangu utoto. Wa kuogopwa ni yule anayesali vizuri kuliko sisi. Bwana Yesu mwenyewe, katika Mathayo sura ya 7, aliwafananisha manabii wa uongo na mbwa-mwitu waliovaa mavazi ya kondoo. Hakusema watavaa ngozi ya chui.

Chukueni mfano wa makanisa ya Galatia. Walimu walioingia huko baada ya Paulo hawakuwaambia watu wamwache Kristo. La, walisema Kristo ni mwema, ila hatoshi. Yafaa aongezewe tohara na sheria. Kwa macho ya mtu mwepesi hilo ni jambo dogo, tena lina sura ya bidii. Lakini Paulo aliwaandikia kwa ukali kuliko alivyowaandikia Wakorintho, waliokuwa na magomvi na uzinzi kati yao. Kwa nini? Kwa sababu mtu anayeongeza kitu juu ya Kristo amekwisha kumpunguza Kristo. Ukisema daraja hili lina nguvu, lakini lazima tuliongezee gogo kabla hatujavuka, umekwisha kusema kwamba huliamini daraja.

Hesabu ya Galatia ilikuwa "Kristo na tohara". Hesabu za siku zetu ni nyingi: Kristo na chupa ya mafuta, Kristo na mbegu ya fedha, Kristo na kufunga siku kadhaa bila maji, Kristo na mtumishi fulani ambaye bila yeye maombi hayafiki. Neno la kulitazama ni hilo dogo la katikati, yaani "na".

2. Mambo yaliyotokea karibu nasi

Upande huu wetu wa kusini-magharibi mwa Uganda una jeraha ambalo wanafunzi wa umri wangu hatukuliona, maana hatukuwa tumezaliwa. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, safari ya saa chache kutoka Mbarara, mamia ya watu, watoto wakiwamo, waliteketea ndani ya nyumba ambayo milango na madirisha yake yalikuwa yamepigiliwa misumari. Walikuwa wafuasi wa Harakati ya Kurudisha Amri Kumi za Mungu. Baada ya moto ule polisi walifukua maiti nyingine nyingi katika mashimo yaliyofichwa, huko Rugazi, Buhunga, Rushojwa, na hata Buziga katika Kampala. Hesabu ya waliokufa iliyotangazwa ilipita watu 700.

Nataka tuyatazame mambo matatu katika habari hiyo ya huzuni.

La kwanza, elimu haikuwa kinga. Kati ya viongozi wao alikuwapo Joseph Kibwetere, aliyewahi kuwa mwalimu na mtu wa kuheshimiwa. Alikuwapo Credonia Mwerinde, aliyedai kutokewa na Bikira Maria. Na alikuwapo Dominic Kataribaabo, padre wa jimbo la Mbarara, aliyesoma mpaka chuo kikuu huko Marekani. Wakubwa wa kanisa lao waliwakataza, wao wakaendelea. Basi mwanafunzi asiseme moyoni, "Mimi nasoma, sitadanganywa." Shetani hana shida na vyeti vyetu.

La pili, kundi lile halikuanza na moto. Lilianza na jambo ambalo kila mmoja wetu angelikubali, yaani kuzishika amri kumi za Mungu. Kosa lilikuwa kuzigeuza amri kuwa ngazi ya kupandia mbinguni, na kila siku kuongeza kidato kimoja. Waliacha kuongea wakawa wanaonyeshana kwa ishara za mikono, wasije wakavunja amri ya kutoshuhudia uongo. Walifunga sana na kufanya kazi sana. Waliuza mashamba na ng'ombe, fedha wakawakabidhi wakubwa wao.

La tatu ndilo kubwa, nalo ni kwamba bei ilipanda. Waliambiwa ulimwengu ungekwisha tarehe 31 Desemba 1999. Siku ile ikapita, jua likachomoza kama kawaida, na baadhi ya watu wakaanza kudai mali zao. Hapo ndipo wakapewa siku nyingine. Kwanza waliombwa ng'ombe, kisha ulimi, mwisho uhai. Bei ya mdanganyifu siku zote hupanda, kwa kuwa hana kitu cha kukabidhi, na mteja asiyekabidhiwa kitu lazima aambiwe kwamba malipo yake bado hayajatimia.

Msidhani mambo haya ni ya kale. Mwezi wa Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, serikali ilianza kufukua makaburi ya watu walioaminishwa kwamba wakijinyima chakula hadi kufa watakutana na Yesu. Maiti zaidi ya 400 zilitolewa ardhini. Mhubiri Paul Mackenzie alifikishwa mahakamani. Kesi ilianza kusikilizwa Mombasa mwaka 2024, naye alikana mashtaka. Hukumu ni kazi ya mahakimu. Kazi yetu ni kujifunza: hata kufunga, ambako ni jambo jema katika Maandiko, kunaweza kugeuzwa kuwa nauli.

3. Mambo ya nyumbani kwetu

Sasa nije kwetu, ambako hakuna aliyekufa, lakini kitu kilikaribia kufa.

Mama yangu anatulea huko Nakivale, wilaya ya Isingiro. Makazi hayo yalifunguliwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, kwanza kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda. Siku hizi wako Wakongo kama sisi, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine, na wengi wetu twaelewana kwa Kiswahili. Tangu mwaka 2023 msaada wa chakula ulipopunguzwa kwa makundi, maisha yamekuwa magumu zaidi. Tumaini la nyumba nyingi ni kuhamishiwa nchi ya tatu. Lakini katika dunia nzima wanaopata nafasi hiyo kwa mwaka hawafiki mkimbizi 1 kwa kila 100. Watu wengi, nafasi chache: hapo ndipo mdanganyifu anapofungua duka.

Katika likizo ya Desemba 2024 alikuja mhubiri mmoja, ambaye sitamtaja jina wala kundi lake. Alihubiri chini ya turubai siku saba. Alisema mafaili yetu yamefungwa katika ulimwengu wa roho, na kwamba yeye amepewa ufunguo. Kila nyumba iandike namba ya faili yake kwenye karatasi, iiweke madhabahuni pamoja na mbegu. Mbegu ya nyumba yetu alisema ni shilingi 300,000.

Mama alikuwa na cherehani. Kwa cherehani hiyo alishona sare za watoto, na ndiyo iliyoninunulia godoro na sanduku nilipoanza kidato cha kwanza. Usiku ule alinitazama akasema, "Mwanangu, wewe ndiwe msomi wa nyumba hii. Unaonaje?"

Ndugu zangu, laiti ningalisema "Ngoja kwanza, mama." Lakini nilisema, "Mama, imani bila matendo imekufa." Nilitumia Maandiko kumsukuma. Kesho yake nikaipeleka cherehani sokoni Base Camp, ikauzwa shilingi 320,000. Zile 20,000 zilizobaki tulinunua chupa ya mafuta ya upako.

Nami kwa upande wangu nikafunga siku tatu bila chakula wala maji. Nilikuwa na daftari ambalo niliandika tarehe, saa nilizofunga, na jambo ninalodai. Niliandika kama karani wa duka anavyoandika madeni. Mdaiwa wangu alikuwa Mungu.

Tarehe 20 Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilitoa amri ya kusimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Watu waliokuwa wamekwisha kupangiwa safari waliambiwa safari zimefutwa. Mama alikwenda kwa yule mhubiri kuuliza. Alijibiwa hivi: "Nyumbani mwako kuna dhambi iliyofichwa. Hiyo ndiyo iliyorudisha baraka."

Nilikuwa nimerudi shuleni Mbarara, kwa hiyo sikuona yaliyofuata. Nilisimuliwa na mdogo wangu. Mama alianza kuitafuta dhambi hiyo. Aliwauliza watoto mmoja mmoja. Alikumbuka mambo ya usichana wake, akayaungama yale aliyokwisha kuyaungama miaka mingi iliyopita. Aliacha kwenda kwenye Meza ya Bwana. Akiitwa kusali na kina mama wenzake alisema hastahili. Fedha zile zilituumiza, lakini fedha hutafutwa. Hasara iliyo kubwa ni kwamba mama yangu, aliyetuvusha mpaka wa Kongo akiimba, sasa alikuwa akimwogopa Mungu kama mtu anavyomwogopa mwenye duka anayemdai. Mdanganyifu kwanza huchukua fedha, kisha humchukua na Mungu.

Siku za Pasaka alikuja mzee mmoja, mwinjilisti wa kanisa letu. Mimi nilikuwapo siku hiyo. Hakumgombeza mama, wala hakumsema yule mhubiri. Aliketi kwenye mkeka akauliza:

"Binti yangu, ulipofika hapa Nakivale, kiwanja hiki ulikinunua?"

"Hapana, mzee. Nilipewa."

"Ulipewa kwa sababu ulifunga siku ngapi?"

Mama akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu nifike. "Sikufunga, mzee. Nilipewa kwa kuwa nilikuwa mkimbizi sina pa kukaa."

"Basi," akasema mzee, "hujamfahamu Mungu kuwa mwema hata kufika kiasi cha serikali?"

Mama alilia sana. Kisha mzee akafungua Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 5, akaniambia nisome.

4. Gehazi na Simoni

Habari ile mwaijua. Naamani, jemadari wa Shamu mwenye ukoma, alikuja kwa nabii Elisha na fedha, dhahabu na mavazi. Alijiandaa kununua. Elisha akamwambia aoge Yordani mara saba, jambo ambalo hata mtoto angeliweza. Alipotakaswa akaleta zawadi, Elisha akakataa kabisa. Naamani akaondoka akiwa amejua jambo la ajabu, kwamba yuko Mungu asiyelipwa.

Ndipo Gehazi, mtumishi wa nabii, akamkimbilia njiani. Akamdanganya kwamba wageni wamefika kwa bwana wake, akaomba talanta moja ya fedha na mavazi. Naamani akampa mbili. Mwisho wa habari ni kwamba ukoma wa Naamani ukampata Gehazi.

Zamani niliposoma habari hii nilifikiri kosa la Gehazi ni tamaa na uongo tu. Mzee yule alinionyesha lililo zaidi. Gehazi aliharibu ushuhuda. Mtu aliyekuwa akirudi nyumbani akijua kwamba Mungu wa Israeli hutoa bure, sasa angeweza kufikiri kwamba Mungu huyo naye ana bei kama miungu mingine, ila alichelewa kuitaja. Ndiyo sababu adhabu ilikuwa kubwa.

Jambo hili lipo pia katika Agano Jipya. Huko Samaria, katika Matendo ya Mitume sura ya 8, Simoni mchawi aliwatolea mitume fedha ili apewe uwezo wa kuwapa watu Roho Mtakatifu. Petro alizikataa fedha kwa maneno makali. Tazameni pande zote mbili: Gehazi alitaka kuuza, Simoni alitaka kununua. Katika nyumba yetu yule mhubiri alikuwa Gehazi. Lakini mimi na daftari langu, je, nilikuwa nani? Nilikuwa Simoni. Hapana duka bila mnunuzi. Mtu akishaamini moyoni kwamba Mungu ananunulika, anangojea tu wa kumtajia bei.

5. Je, basi tusifunge, tusitoe, tusitende mema?

Najua mwenzangu mmoja ataniuliza hivi, maana ndivyo walivyomwuliza Paulo. Kama neema ni bure, si tukae tu?

Jibu ni kutofautisha tunda na bei. Sadaka hutolewa na mtu aliyekwisha kupokea. Bei hutolewa na mtu ambaye bado hajapokea. Kwa macho vitu hivi hufanana, noti ni ile ile na kikapu ni kile kile, lakini moyo ni mbali. Katika Waefeso sura ya 2, mtume aeleza kwanza kwamba tumeokolewa kwa neema kwa njia ya imani, wala si kwa matendo. Kisha, mstari wa 10, aeleza kwamba tumeumbwa katika Kristo tupate kutenda matendo mema. Matendo yamo, lakini yamekaa baada ya wokovu, hayakukaa kabla. Na ule mstari wa Yakobo nilioutumia kumsukuma mama hausemi kwamba matendo hununua kitu. Wasema kwamba imani iliyo hai huonekana. Wala neema kuwa bure kwetu si kusema haikugharimu kitu. Ililipwa msalabani na Kristo, mara moja, na kilicholipwa hakilipwi tena.

Tunao mfano mzuri katika nchi hizi zetu. Mwaka 1929, huko Namirembe, Simeoni Nsibambi, mtu wa Buganda, na daktari Joe Church, Mwingereza wa hospitali ya Gahini katika Rwanda, waliyachunguza Maandiko pamoja na kuomba. Katika miaka ya 1930 uamsho ukaenea kutoka Gahini mpaka Kigezi, Ankole na Buganda, kisha Kenya na Tanganyika. Watu wakaitwa Balokole, yaani waliookoka. Wengi wao walirudisha vitu walivyoiba, wakapatana na adui zao. Je, walirudisha ili wasamehewe? La. Walirudisha kwa kuwa walikuwa wamekwisha kusamehewa. Festo Kivengere, aliyeokoka mwaka 1941 na kuwa Askofu wa Kigezi mwaka 1972, alikuwa mmoja wao. Mwaka 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa, yeye naye alikimbia nchi akawa mkimbizi kama sisi. Na katika ukimbizi wake aliandika kitabu juu ya kumpenda na kumsamehe Idi Amin. Hakuna bei inayoweza kuzaa msamaha wa namna hiyo.

Hata hivyo hatari haikuwa mbali na Balokole wenyewe. Baadaye wengine kati yao waliongeza masharti, kama vile kukataza kukopa, na ndugu wakagawanyika. Nasema hivi si kwa kuwadharau. Nataka tuone kwamba ile "na" hurudi hata katika nyumba iliyoanza vizuri.

Tena si jambo la Afrika peke yake. Huko Ujerumani mwaka 1517, Johann Tetzel alizunguka akiwauzia watu vyeti vya kupunguziwa adhabu za dhambi, na sehemu ya fedha ikajenga kanisa la Mtakatifu Petro katika Roma. Ndipo Martin Luther alipotoa hoja zake 95 huko Wittenberg. Wenzetu Wakatoliki wasione nawanyoshea kidole. Tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Kanisa Katoliki na Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja kwamba mtu huhesabiwa haki kwa neema. Na siku hizi wanaouza mafuta na maji wamo katika makundi mengi yanayojiita ya Kiprotestanti.

6. Namna ya kupima

Yohana, katika Waraka wake wa Kwanza sura ya 4, atuagiza tuzijaribu roho. Basi kupima si kukosa imani, ni utii. Nimeandika vipimo vitano.

(a) Uliza: ni nini kinachoongezwa juu ya Kristo? Ukiona "na", simama.

(b) Uliza: je, kuna bei? Huko kwetu UNHCR imetangaza mara nyingi kwamba huduma zake zote ni bure, na mtu anayedai fedha ni mwizi wa kushtakiwa. Kama shirika la watu linaweza kusema hivyo, je, Mungu?

(c) Uliza: lililotabiriwa likikosa kutokea, ni nani anayelaumiwa? Kumbukumbu la Torati sura ya 18 lasema nabii ambaye neno lake halikutimia hakutumwa na Bwana. Mdanganyifu hugeuza mambo, akamlaumu aliyedanganywa. Na mtu akitaja siku ya mwisho wa dunia, someni Marko 13:32 mwende nyumbani.

(d) Uliza: naruhusiwa kuuliza? Watu wa Beroya, katika Matendo 17, walisifiwa kwa kuyachunguza Maandiko kila siku waone kama maneno ya Paulo ndivyo yalivyo. Kama mtume alichunguzwa, mhubiri wetu ni nani?

(e) Uliza: nikitoka hapa namkaribia Mungu kama mwana, au namwogopa kama mdaiwa? Kipimo hiki ndicho kilichonifumbua macho.

7. Mwisho

Wanafunzi wa zamani mlio makazini na mijini, ninyi ndio ambao mama zenu watawauliza, "Mwanangu, unaonaje?" Msijibu upesi kama nilivyojibu. Mtu aliyesoma ana nguvu juu ya nyumba yake kuliko anavyojua, na mstari mmoja uliotumiwa vibaya waweza kuuza cherehani.

Cherehani yetu haikurudi. Mama hushona kwa cherehani ya jirani saa za jioni, wakagawana mapato. Faili letu liko pale pale. Lakini Jumapili ya Pentekoste mwaka ule mama alikwenda kwenye Meza ya Bwana, akanyosha mikono miwili mitupu kama watu wengine wote, akapewa.

Daftari langu bado ninalo. Siku hizi nafunga mara moja moja, nami siandiki.

Maswali ya kujipima

1. Walimu wa Galatia waliongeza nini juu ya Kristo? Taja mambo mawili yanayoongezwa katika siku zetu mahali unapokaa.
2. Eleza kwa mifano tofauti kati ya sadaka na bei.
3. Kwa nini Elisha alikataa zawadi ya Naamani, na Gehazi aliharibu nini alipoichukua?
4. Mama yako akikuuliza shauri kama nilivyoulizwa mimi, utamjibuje?